William Cobbett: Askari Aliyejifunza Sarufi kwa Mwanga wa Moto

Utangulizi

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ndugu msomaji, kila aliyepitia shule ya upili humu nchini anakumbuka vipindi viwili vilivyotutoa jasho. Cha kwanza ni kipindi cha sarufi, tulipoamrishwa kuzichanganua sentensi kwa matawi, kwa jedwali na kwa mishale. Cha pili ni kipindi cha fasihi, tulipodondolewa maneno ya mhusika fulani na kutakiwa kueleza muktadha wake, kisha tutaje tamathali na maudhui. Katika somo la Kiingereza mambo yalikuwa yayo hayo: vihusishi, nyakati, sentensi za kugeuzwa bila kubadilisha maana, na vitabu teule vya kuhakikiwa. Wengi wetu tulijiuliza kimoyomoyo: haya yote ni ya nini? Mkulima atafaidika vipi akijua tofauti ya kirai na kishazi? Bawabu anafaa nini na kiwakilishi?

Makala haya yanalijibu swali hilo kwa kusimulia maisha ya Mwingereza mmoja aliyefariki mwaka 1835, yaani William Cobbett. Hakuingia shule yoyote ya kutajika, wala hakuwahi kuketi katika ukumbi wa chuo kikuu akiwa mwanafunzi. Hata hivyo, aliandika kitabu cha sarufi ya Kiingereza ambacho alikikusudia waziwazi kwa askari, mabaharia, wanagenzi na vijana wa kulima kwa plau. Kwake yeye, sarufi haikuwa pambo la wenye nafasi bali ngao ya mnyonge. Tutaona jinsi alivyoipata, jinsi alivyoitumia, na pia mahali ambapo ngao hiyo haikumfaa yeye mwenyewe.

Utoto na malezi

Cobbett alizaliwa tarehe 9 Machi 1763 katika mji mdogo wa Farnham, jimbo la Surrey, kusini mwa Uingereza. Babu yake alikuwa kibarua wa shambani. Baba yake, George Cobbett, alikuwa amejikongoja hadi akapata shamba dogo na nyumba ya wageni yenye kilabu cha pombe. Mzee huyo alikuwa na wana wanne wa kiume, na William alikuwa wa tatu. Hakuwa na fedha za kuwapeleka shuleni, hivyo basi jioni za majira ya baridi, kazi za shamba zilipopungua, yeye mwenyewe aliwafunza kusoma, kuandika na kufanya hesabu. Sarufi hakuweza kuwafunza, kwa kuwa yeye pia hakuijua vilivyo. Mfinyanzi hulia gaeni.

Kazi ya kwanza ya William ilikuwa kuwafukuza ndege wasile mbegu shambani. Baadaye alipalilia, akaongoza farasi, akavuna. Ukulima huo ulimwachia alama mbili za kudumu: kwanza, mapenzi ya ardhi na watu wanaoilima, pili, hasira dhidi ya kila mkubwa anayekula jasho lao.

Kisa kimoja cha utotoni kinastahili kusimuliwa kwa kirefu. Alipokuwa na umri wa miaka 11 hivi, alisikia habari za bustani za mfalme zilizokuwa Kew, karibu na London. Bila kumwambia mtu, alishika njia kwa miguu kwenda kuomba kazi huko. Alipofika mji wa Richmond jioni, alikuwa amebakiwa na peni tatu tu, nazo alikuwa amezitenga kwa ajili ya chajio. Mara akaona dirishani mwa duka la vitabu kijitabu cha dhihaka cha Jonathan Swift kiitwacho A Tale of a Tub, na bei yake ilikuwa peni tatu zizo hizo. Alisimama akipima tumbo na kitabu, hatimaye kitabu kikashinda. Akaketi shambani kando ya lundo la nyasi kavu, akasoma hadi giza likamzuia, kisha akalala papo hapo na njaa yake. Kesho yake alipata kazi bustanini.

Mengi ya kitabu hicho hakuyaelewa, na baadaye alikiri hivyo. Lakini kwa mara ya kwanza alihisi kwamba maneno yaliyopangwa na fundi yana nguvu ya kumwamsha msomaji. Alikichukua kijitabu hicho kila alikokwenda kwa miaka mingi, mpaka sanduku alimokiweka lilipoanguka baharini katika Ghuba ya Fundy, Amerika ya Kaskazini. Alisema kuwa upotevu huo ulimwuma kuliko hasara nyingine nyingi za fedha alizopata maishani. Huo ndio uliokuwa mwanzo wa fasihi kwake. Hapakuwa na mwalimu wala maswali ya mtihani, ila mtoto na kitabu chini ya lundo la nyasi.

Sarufi kambini

Mwaka 1783, akiwa barobaro wa miaka 20, alidandia gari la farasi lililokuwa likielekea London na kuiaga Farnham bila kupanga. Huko alifanya kazi ya ukarani katika afisi ya wakili kwa miezi minane au tisa hivi. Alinakili hati za sheria kutwa kucha katika chumba chenye giza, na maisha hayo yalimchukiza mno. Mwaka 1784 akajiandikisha jeshini, akapelekwa katika kambi ya Chatham kama askari wa kawaida wa Kikosi cha 54.

Katika kambi hiyo hatiyake nzuri ilimpatia kazi ya kumnakilia barua Kanali Debbieg, mkuu wa kambi. Kanali aligundua upungufu mmoja: kijana aliandika kwa mwandiko wa kupendeza, ila sarufi ilimpiga chenga. Alimshauri aisome, akamwahidi kuwa angepanda cheo akifanya hivyo. Cobbett alinunua kitabu cha sarufi cha Robert Lowth, askofu wa Kanisa la Uingereza, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1762 na ambacho wakati huo kilisifika mno.

Kitabu cha Lowth hakikuandikiwa askari. Mara kadhaa kilikilinganisha Kiingereza na Kilatini. Cobbett hakujua Kilatini hata chembe. Kwa hiyo alibuni njia yake. Alikinakili kitabu kizima kwa mkono, si mara moja bali mara mbili au tatu. Kisha akakihifadhi chote kwa moyo, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, akakikariri kila asubuhi na kila jioni. Alipopangiwa zamu ya ulinzi, alijilazimisha kukirudia chote tangu mwanzo hadi mwisho akiwa pale langoni na bunduki begani.

Mazingira ya masomo hayo yanafaa kutafakariwa na mwanafunzi wa leo anayelalamika kwamba maktaba imefungwa mapema. Mshahara wa Cobbett ulikuwa peni sita kwa siku. Kiti chake kilikuwa ukingo wa kitanda cha kambini. Kabati lake la vitabu lilikuwa mkoba wa mgongoni. Meza yake ilikuwa kipande cha ubao alichokipakata magotini. Hakuwa na uwezo wa kununua mishumaa wala mafuta ya taa, hivyo katika majira ya baridi alisoma kwa mwanga wa moto wa kambi, tena ilipofika zamu yake ya kukaa karibu nao. Pembeni yake askari wenzake walipiga soga, waliimba, walicheka, walipiga miluzi na kugombana. Ili anunue kalamu au karatasi ilimbidi ajinyime chakula, ilhali njaa tayari ilikuwa mgeni wa kila siku.

Wakati mmoja, baada ya matumizi yote ya lazima, alifaulu kubakiza nusu peni. Aliitunza akinuia kununua samaki wa kukaushwa asubuhi iliyofuata. Usiku alipovua nguo akagundua kuwa nusu peni hiyo imepotea. Askari huyo, mtu mzima mwenye mabavu, alijifunika blanketi lake duni akalia kama mtoto. Alikisimulia kisa hiki uzeeni katika kitabu chake cha ushauri kwa vijana, wala hakukuwa na aibu katika kukisimulia. Alitaka kijana maskini ajue kwamba iwapo yeye aliweza, hakuna anayeweza kudai kwamba umaskini ndio uliomzuia kujifunza.

Yaweza kusemwa kuwa kukariri si kuelewa, na walimu wetu wa mbinu za ufundishaji watatuonya hivyo. Ni kweli. Cobbett mwenyewe, alipokuja kuandika kitabu chake, hakumtaka mwanafunzi akariri kanuni asiyojua sababu yake. Lakini kwa mtu asiye na mwalimu wala kamusi, kuhifadhi kulikuwa njia ya kukibeba kitabu kichwani ili akitafune polepole. Alichokihifadhi langoni alikielewa baadaye, kila alipokutana na sentensi iliyokwenda kombo.

Sajini aliyewaandikia wakubwa

Mwaka 1785 alivuka bahari kuungana na kikosi chake kilichokuwa New Brunswick, ambayo leo ni sehemu ya Kanada. Ahadi ya kanali ilitimia. Alipanda cheo haraka, akawapita sajini wapatao 30 waliomtangulia, akawa sajini mkuu wa kikosi kizima. Siri ya kupanda huko ilikuwa kalamu. Vitabu vya hesabu, ripoti, barua na orodha za kikosi vyote vilipitia mikononi mwake.

Hapo ndipo alipogundua jambo lililomshangaza. Maafisa waliomwamuru, wana wa mabwana walionunua vyeo vyao kwa fedha, hawakuweza kuandika barua iliyonyooka. Alisimulia kwamba kanuni mpya za gwaride zilipoletwa, ilimlazimu awafundishe maafisa hao na hata kuwaandikia maelekezo kwenye kadi ili wajue la kuamuru na mahali pa kusimama. Aliyepigiwa saluti hakujua, na aliyepiga saluti ndiye aliyejua. Tangu siku hizo Cobbett hakuamini tena kwamba cheo na akili ni ndugu.

Aidha, vitabu vile vya hesabu vilimwonyesha wizi. Alishuku kwamba maafisa walikuwa wakila haki za askari wadogo, basi akawa ananakili ushahidi kwa siri usiku. Kikosi kiliporudi Uingereza mwaka 1791 aliomba kuachishwa jeshi, akapewa barua ya sifa njema. Mwezi Februari 1792 alimwoa Anne Reid, binti wa askari aliyemfahamu tangu New Brunswick. Kisha akawashtaki maafisa hao. Lakini mwenye nguvu mpishe. Vitabu vya ushahidi havikuwekwa mahali salama kama alivyoomba, na alipata fununu kwamba yeye ndiye angegeuziwa mashtaka. Siku ya kesi ilipofika, mwezi Machi 1792, hakutokea. Alikuwa amekimbilia Ufaransa, na maafisa wakaachiliwa. Lilikuwa funzo la kwanza kwamba ukweli ulioandikwa vizuri waweza bado kushindwa.

Mwalimu, mhariri na mfungwa

Ufaransa ilikuwa katikati ya mapinduzi. Baada ya miezi michache ya kujifunza Kifaransa, Cobbett na mkewe walivuka kwenda Marekani, wakafika mwezi Oktoba 1792. Huko alipata riziki kwa kuwafundisha Kiingereza Wafaransa waliokimbia vurugu za kwao na za makoloni yao. Askari aliyejifunza sarufi bila mwalimu akawa sasa mwalimu wa sarufi. Kutokana na kazi hiyo alitunga kitabu cha kuwafundisha Wafaransa Kiingereza, kilichochapishwa Philadelphia mwaka 1795 na kutumika kwa miaka mingi. Mgeni darasani huuliza maswali ambayo mwenyeji wa lugha hajawahi kujiuliza, na kwa kuyajibu maswali hayo Cobbett aliijua lugha yake upya.

Alianza pia kuandika vijitabu vya siasa kwa jina la Nungunungu, naye alichoma kweli. Wakati huo alikuwa mtetezi wa mfalme na mpinzani wa mapinduzi. Kesi ya kashfa iliyomgharimu dola 5,000 ilichangia kumwondoa Marekani, akarejea kwao mwaka 1800 na kupokewa na mawaziri kama shujaa. Mwezi Januari 1802 akaanzisha gazeti la kila wiki, Political Register, alilolihariri hadi kifo chake. Fauka ya hayo, alianza kuchapisha taarifa za mijadala ya Bunge. Kazi hiyo aliiuza mwaka 1812 kwa mpiga chapa wake, T. C. Hansard. Kila tunaposikia Hansadi ya Bunge la Kenya ikitajwa, jina hilo linatokana na mpiga chapa huyo, na mwanzo wa kazi yenyewe ni Cobbett.

Katika miaka hiyo alibadilika. Alipozunguka mashambani aliona vibarua wakiwa maskini kuliko alivyowaacha utotoni: ardhi ya jumuiya imezungushiwa ua, ujira umeshuka, kodi zimepanda. Mtetezi wa wakubwa akageuka mkosoaji wao mkali. Mwaka 1809 askari wa akiba katika mji wa Ely walichapwa viboko kwa sababu ya kugomea makato ya mshahara. Cobbett, aliyejua ladha ya mshahara huo, aliandika kwa ghadhabu. Mwaka 1810 alihukumiwa kifungo cha miaka miwili katika gereza la Newgate pamoja na faini ya pauni 1,000.

Gereza hilo likawa, kwa namna ya ajabu, shule ya nyumbani. Wanawe walibaki shambani Botley. Kila juma walimletea kapu lenye matunda na maua, na ndani yake barua pamoja na shajara ya mambo ya shamba: mifugo iliyozaa, mbegu zilizopandwa, mvua iliyonyesha. Yeye aliwajibu mmoja mmoja kwa barua. Hakuwakaripia kwa makosa ya tahajia wala hakuwapa mazoezi ya kuchosha. Watoto walijifunza kuandika kwa sababu walikuwa na jambo la kusema na mtu waliyetamani kumwambia. Walimu watarajiwa miongoni mwetu watafanya vyema kulizingatia hilo.

Kitabu cha mwaka 1818

Mwezi Novemba 1816 Cobbett alianza kutoa toleo rahisi la gazeti lake kwa peni mbili, akiwahutubia mafundi na vibarua moja kwa moja. Lilinunuliwa kwa makumi ya maelfu, likasomwa kwa sauti vilabuni na viwandani. Wakati huo watu wa kawaida hawakuwa na kura. Silaha yao ilikuwa maombi ya maandishi kwa Bunge. Na hapa, ndugu msomaji, ndipo sarufi ilipokuwa suala la uhai. Bunge liliweza kuyakataa maombi kwa hoja kwamba lugha yake haifai. Mwaka 1793 maombi ya mafundi wa Sheffield yalikataliwa kwa madai ya kukosa heshima katika maneno, na mwaka 1817 maombi mengine mengi yalitupwa nje, baadhi kwa sababu ya lugha yake na mengine kwa kasoro za utaratibu. Anayenyamazishwa kwa kuambiwa kwamba hajui kusema hapati hata nafasi ya kukanushwa.

Mwaka huo wa 1817 serikali iliiahirisha sheria iliyomlinda mtu dhidi ya kufungwa bila mashtaka. Cobbett alijua ni nani angekamatwa kwanza, akakimbilia tena Marekani. Alikodi shamba katika kisiwa cha Long Island, karibu na New York. Huko, kati ya kulima na kuandika gazeti, alitunga kitabu cha sarufi ya Kiingereza kwa mtindo wa barua kwa mwanawe James, aliyekuwa na miaka 14. Kitabu kilitoka mwaka 1818.

Tofauti ya kitabu hicho na vitabu vya wakati wake ilikuwa kubwa. Shuleni watoto wa Uingereza na Marekani walitumia zaidi sarufi ya Lindley Murray ya mwaka 1795, iliyojaa mifano ya maadili mema na utiifu. Mifano ya Cobbett ilikuwa pilipili. Alipoeleza nomino za jamii, kwa mfano, aliliorodhesha Bunge na mahakama kuu pamoja na genge na pango la wezi, kana kwamba ni vitu vya kabati moja. Mwanafunzi alicheka, na akicheka hakusahau kanuni.

Lakini kitabu hakikuwa mzaha. Chukua mfano wa kile kiwakilishi kifupi cha Kiingereza kinachosimamia kitu au jambo lolote lisilo mtu. Cobbett alimwonya mwanawe asiliandike neno hilo kabla ya kujua hasa linarejelea nini, kwani waandishi wazembe hulitupa popote na kumwacha msomaji akitapatapa. Sisi wa Kiswahili tuna bahati ya ngeli. Tukisema kwamba mtoto aliangusha kikombe mezani kikavunjika, kilichovunjika ni kikombe. Tukisema ikavunjika, ni meza. Upatanisho wa kisarufi unatufichulia. Kiingereza hakina mlinzi huyo langoni, kwa hiyo mwandishi mwenyewe hana budi kuwa mlinzi.

Kisha akavuka kutoka sarufi hadi uhakiki. Badala ya kutunga sentensi bandia zenye makosa, alizichukua sentensi za mabingwa, yaani Daktari Samuel Johnson, mtunga kamusi mashuhuri, na Daktari Isaac Watts, akaonyesha zilikokosea. Katika toleo la mwaka 1823 aliongeza masomo sita yaliyokusudiwa kuwazuia watawala wasiandike ovyo. Humo alizichanganua hotuba ya mfalme, maneno ya Spika, barua za Lord Castlereagh, za Mtawala wa Wellington na za ndugu yake Wellesley, na waraka wa Askofu wa Winchester. Alizipasua sentensi moja baada ya nyingine: kiwakilishi hiki hakina mrejelewa, kitenzi hiki hakipatani na kiima chake, fungu hili la maneno halina maana yoyote.

Kijana wa plau aliyeyasoma masomo hayo alipata mambo mawili kwa pamoja. Alijifunza kuandika bila kuchekwa. Aidha, alijifunza kwamba matini ya mkubwa ni matini kama nyingine, inaweza kuulizwa maswali, na mara nyingi ukungu wa lugha huficha ukungu wa fikra, au huficha jambo ambalo mwenyewe hataki lionekane. Huo ndio uhakiki tunaoufundishwa. Tofauti ni kwamba sisi huufanya kwa tamthilia na riwaya, naye aliufanya kwa hotuba ya mfalme.

Miaka ya mwisho

Alirudi Uingereza mwaka 1819 akiwa amebeba mifupa ya Thomas Paine, mwandishi wa haki za binadamu ambaye hapo awali alikuwa amemtukana. Alinuia kumjengea kaburi la heshima, lakini hakufaulu, na mifupa hiyo ikapotea. Aliendelea kuandika bila kuchoka: kitabu cha uchumi wa nyumba za maskini, kitabu cha sarufi ya Kifaransa mwaka 1824, simulizi za safari zake mashambani mwaka 1830, na kitabu cha tahajia mwaka 1831. Vibarua walipoasi mwaka 1830, alishtakiwa kuwa aliwachochea. Mwezi Julai 1831 alijitetea mwenyewe mahakamani, na baraza la waamuzi likashindwa kuafikiana, akawa huru. Baada ya sheria ya uchaguzi kurekebishwa mwaka 1832, watu wa Oldham walimchagua kuwa mbunge. Mtoto aliyewafukuza ndege shambani akaketi katika nyumba ile ile iliyokuwa ikiyatupa maombi ya wenzake. Alifariki tarehe 18 Juni 1835, akazikwa Farnham, mji wa kuzaliwa kwake.

Doa lisilofutika

Haitakuwa haki kuimaliza tawasifu hii kwa sifa pekee. Cobbett, mtetezi huyo wa wanyonge, aliandika maneno ya dharau kuhusu watu weusi na kuhusu Wayahudi. Alipinga harakati za kukomesha biashara ya watumwa kabla ya mwaka 1807, akamkejeli William Wilberforce kwa miaka mingi, akidai kwamba anawalilia watu wa mbali huku vibarua wa Uingereza wakifa njaa. Jicho lililoona kosa katika hotuba ya mfalme halikuona kosa hilo kubwa katika maandishi yake mwenyewe.

Je, tumtupe? Msimamo wetu ni kwamba tumsome kwa njia aliyotufundisha. Alituambia kwa vitendo kwamba hakuna mwandishi mkubwa asiyeweza kusahihishwa, na kanuni hiyo haimwachi yeye nje. Sisi tuliodharauliwa na kalamu yake ndio tulio na haki zaidi ya kuichukua kanuni yake na kumpima nayo. Sarufi huinyoosha sentensi. Kuunyoosha moyo ni kazi nyingine.

Hitimisho

Mpendwa msomaji, sarufi ya Kiswahili iliyochapishwa mwanzo iliandikwa na wageni: Johann Ludwig Krapf mwaka 1850, na Edward Steere mwaka 1870. Waliandika kwa ajili ya wageni wenzao, na kwa muda mrefu lugha yetu ilipimwa kwa kipimo cha lugha za kwao. Tangu hapo wataalamu wetu wamefanya kazi kubwa ya kuirejesha nyumbani. Hata hivyo, swali la Cobbett lingali mbele yetu sisi wanachama wa vyama vya Kiswahili: tunamwandikia nani sarufi hiyo? Je, ni kwa mwenzetu wa chuo tu, ili apite mtihani, au pia kwa mhudumu wa matatu, mama mboga, na kijana wa mjengo anayehitaji kuandika malalamiko kuhusu ujira wake na kuyafikisha afisini bila kurudishwa mlangoni?

Mwalimu wa sekondari anayesimama mbele ya darasa la watoto 50 na kuwaandikia ubaoni sentensi ya kuchanganua anaweza kuwapa zoezi, ama anaweza kuwapa ngao. Ubao ni ule ule na chaki ni ile ile. Kinachotofautisha ni kama watoto hao wameambiwa kwamba siku moja sentensi itakayohitaji kuchanganuliwa itatoka kwa mwajiri, kwa chifu au kwa mbunge wao, na kwamba siku hiyo hapatakuwa na mwalimu wa kuwasaidia. Askari yule wa Chatham aliijua siku hiyo. Ndiyo maana alikubali kulala njaa ili anunue karatasi.